Jina Lisilo na Mwenyewe: Bendi za Wanyika kutoka Tanga hadi Nairobi

Mwaka 1971 ndugu wa familia moja ya Tanga, waliokuwa wakipiga muziki wa dansi Arusha, walivuka mpaka wakaingia Kenya na kuunda bendi waliyoiita Simba Wanyika. Sikio la Mswahili linalielewa jina hilo mara moja: simba wa nyika. Ni nomino, ikifuatiwa na -a ya uhusiano yenye upatanisho wa ngeli ya kwanza, kisha nomino ya pili. Katika maandishi ya santuri lakini jina lilikuwa na maneno mawili tu, kwa kuwa kihusishi kiliunganishwa na nomino iliyokifuata. Kosa dogo la tahajia, angesema mwalimu wa sarufi, na pengine angelipita bila kulitilia kalamu nyekundu. Miaka saba baadaye baadhi ya wanamuziki walijitenga. Simba wakamwachia aliyekuwa naye, wao wakaondoka na sehemu iliyobaki, na mbele yake wakaweka neno la Kifaransa: Les Wanyika. Hapo wa- ya uhusiano ikawa wa- ya wingi, na mahali palipokuwa na pori pakawa na watu. Hata upatanisho haukukosewa, maana les ni kibainishi cha wingi.

Tokeo hili si mchezo wa maneno tu. Neno Wanyika lilikuwapo zamani katika pwani ya Kenya. Watu wa mjini waliwaita hivyo, kwa dharau, majirani zao wa bara ya Mombasa, na wamisionari wa karne ya 19, akiwamo Krapf aliyeishi Rabai, wakaliandika katika vitabu vyao. Wenyewe hawakulipenda. Kufikia miaka ya 1940 walikuwa wamejichagulia jina la Mijikenda. Kwamba neno lililokataliwa na watu lilirudi Nairobi katika miaka ya 1970, likavaliwa na vijana wa Tanga kama vazi la fahari, na wachezaji dansi wasione ubaya wowote, ni jambo linaloonyesha jinsi maana inavyotegemea kinywa kinachotamka na mahali kinapotamkia. Wala halikuishia hapo. Mwaka 1981 mwimbaji Issa Juma aliunda Super Wanyika, na majina mengine yenye Wanyika ndani yake yakafuata. Yeyote aliyewahi kupiga na mmoja wa akina Wanyika aliweza kujiita Mwanyika. Jina halikuwa na mwenyewe, na ili kuijua sababu yake ni lazima kurudi Tanga.

Tanga ya miaka ya 1960 ilikuwa mji wa mkonge, reli na bandari, na kwa ukubwa wake ilikuwa na muziki mwingi kupita kiasi. Katika taarabu kulikuwa na Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoingiza gita katika muziki uliozoea udi na fidla, na vilivyomtoa Shakila binti Said kwa wasikilizaji wa pwani nzima. Katika dansi kulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Neno jazz katika majina hayo halikuwa na uhusiano mkubwa na Marekani. Lilimaanisha bendi ya magita na tarumbeta inayopiga rumba iliyopitia Kongo. Wilson Peter Kinyonga na nduguye George waliingia Jamhuri Jazz mwaka 1966. Mwaka 1970 walihamia Arusha, na huko, pamoja na ndugu yao wa tatu, William, wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walikuwa Kenya.

Kwa nini wanamuziki waliokwisha kuwa na jina kwao wahame? Jibu la haraka ni fedha, nalo si la uongo, ila halitoshi. Tanzania baada ya Azimio la Arusha ilikuwa ikijenga utaratibu wa pekee wa muziki wa dansi: bendi kubwa zilikuwa mali ya vyombo vya umma. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, polisi na jeshi walikuwa na bendi zao, na mwaka 1978 ilizaliwa Mlimani Park chini ya shirika la usafiri na teksi. Mwanamuziki katika bendi hizo alikuwa mwajiriwa, mwenye mshahara, na vyombo vilikuwa vya mwajiri. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam ili zitangazwe, wala si hasa ili ziuzwe. Utaratibu huo ulilea vipaji vikubwa, na ni kosa kuudharau. Mpigaji wa solo aliyejua kwamba mshahara wake utafika mwisho wa mwezi aliweza kukaa na wimbo mmoja wiki nzima. Lakini alipohama, aliondoka na vidole vyake tu.

Nairobi haikuwa na mwajiri wa namna hiyo. Ilikuwa na kampuni za santuri, kiwanda cha kuzichapa, maduka ya River Road, na mabaa yaliyohitaji muziki karibu kila usiku. Bendi iliishi kwa mapato ya mlangoni, kwa makubaliano na mwenye ukumbi, na kwa kile ambacho mtayarishaji wa santuri aliamua kutoa. Akina Kinyonga walijitupa katika soko hilo bila chama, shirika wala wizara nyuma yao. Leo vijana wangewaita bendi huru. Santuri yao ndefu ya kwanza, Jiburudisheni na Simba Wanyika, ilitolewa na Polygram, na jina lake ni amri ya upole inayoeleza kazi yote ya bendi.

Santuri nyingi za wakati huo zilikuwa ndogo, za mizunguko 45 kwa dakika, na kila upande ulibeba dakika chache tu. Wimbo mmoja ulikatwa katikati. Upande wa kwanza ulibeba maneno, na baada ya kuigeuza santuri msikilizaji alipata sehemu ya magita. Wengi waliokulia vijijini waliujua wimbo kama kitu chenye nusu mbili na ukimya mfupi kati yake, ukimya wa mkono unaogeuza santuri. Ukumbini ukimya huo haukuwapo. Wimbo uliendelea kadiri sakafu ilivyokuwa imejaa. Kwa hiyo santuri ilikuwa aina ya muhtasari wa kile kilichofanyika usiku, na mtafiti wa fasihi anayetumia santuri peke yake kama matini anasoma muhtasari akidhani ni kitabu.

Nadharia ya fasihi simulizi inasisitiza kwamba utendaji ndio uhai wa kazi, na kwamba fanani na hadhira huitengeneza kazi pamoja. Aghalabu mifano inayotolewa ni ya ngano na ngoma za kijijini. Ukumbi wa dansi wa Nairobi unastahili kuwekwa kando ya mifano hiyo. Bendi ilianza kupiga jioni, ukumbi ukiwa nusu mtupu, kwa nyimbo za kupasha vidole. Waimbaji wakubwa hawakuwa na haraka. Kadiri saa zilivyosogea ndivyo nyimbo zilizojulikana zilivyoanza kuletwa, na usiku wa manane wimbo mmoja uliweza kuchukua nafasi ya tatu. Mwimbaji aliwataja wenzake kwa majina kila gita lilipopewa zamu, akamsalimu mteja aliyeingia, akamwingiza mpenzi wa bendi katika ubeti ambao haukuwa na jina lake kwenye santuri. Mpenzi huyo aliinuka, akapita kati ya wachezaji, akamtunza mwimbaji noti. Desturi hii ni ndugu wa tuzo ya taarabu, ingawa katika taarabu mtuzaji mara nyingi hujibu fumbo lililo ndani ya maneno, na katika dansi alijibu zaidi kule kutajwa.

Muziki wenyewe ulijengwa kwa ajili ya saa hizo ndefu. Magita matatu yaligawana kazi: solo lilichora nyimbo fupi zilizojirudia, besi ilitembea kwa hatua pana, na gita la rithimu lilijaza nafasi iliyobaki kati yao. Katika Simba Wanyika gita hilo la rithimu lilikuwa mikononi mwa Omar Shabani, aliyepewa lakabu ya Profesa. Hadhira ya kawaida humtazama mpigaji wa solo. Profesa Omar alifanya watu wamsikilize yule wa pembeni. Upigaji wake ulikuwa mfululizo wa sauti zilizosukana bila kukatika, na mchezaji aliweza kuutegemea mguu wake juu ya sauti hizo hata mwimbaji aliponyamaza. Isitoshe, rumba hii haikuwa na papara. Bendi za Kongo zilizokuwa zikitamba Nairobi wakati huo zilizoea kuachia mwendo wa kasi baada ya maneno kwisha. Akina Wanyika kwa kawaida walibaki katika mwendo wa wastani tangu mwanzo hadi mwisho. Wanandoa wa makamo waliweza kucheza usiku kucha na asubuhi wakaenda kazini.

Sababu ya mwendo huo wa taratibu ilikuwa pia ya lugha, na hapa ndipo bendi hizi zinapowahusu wanafunzi wa Kiswahili hasa. Nairobi ya miaka ya 1970 ilicheza kwa lugha nyingi. Benga iliimbwa kwa Kijaluo, Kikuyu au Kikamba, na kila lugha ilikusanya watu wake. Rumba ya Kongo ilikusanya watu wote, lakini kwa Kilingala, lugha ambayo wachezaji wengi waliipokea kama sauti nzuri isiyo na maana. Bendi iliyoimba Kiswahili ilikusanya watu wote nao wakayaelewa maneno. Basi mwimbaji alikuwa na kazi mbili kwa pamoja. Ilimpasa awachezeshe watu, na ilimpasa asiwapite kwa kasi kabla hawajasikia nani kamkosea nani.

Tofauti na Kiswahili kilichozoeleka Nairobi, kilichojifunzwa kazini, sokoni na katika amri za bwana kwa mtumishi, Kiswahili cha nyimbo hizi kilitoka Tanga. Kilikuwa na upatanisho uliotimia, na kilikuwa na adabu ya mazungumzo ya watu wazima. Mwaka 1974 Rais Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike Bungeni. Mwaka 1985, kufuatia mapendekezo ya tume ya mwaka 1981, mfumo wa 8-4-4 ulikifanya kuwa somo la lazima la kutahiniwa. Katika kipindi hicho kati ya Bunge na mtihani, nyimbo za akina Wanyika zilikuwa zikitangazwa na Sauti ya Kenya na kupigwa mabaani, zikiwapa wasikilizaji wa bara Kiswahili cha kubembeleza, cha kulalamika na cha kuomba radhi, mambo ambayo Bunge halikuyahitaji na mtihani haukuyauliza.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Sina Makosa, wimbo wa Les Wanyika uliotoka mwaka 1979. Lakini kwanza ni mgawanyiko. Mwezi Novemba 1978 Profesa Omar aliondoka Simba Wanyika pamoja na mpigaji wa besi Tom Malanga, mpigaji wa ngoma Rashid Juma na mwimbaji Issa Juma. Kwao akajiunga John Ngereza, Mtanzania mwingine aliyekuwa akiimba Kenya na Orchestra Bwambe Bwambe, bendi ya Kikongo. Bendi iliyobakiwa na Wilson Kinyonga ilikuwa na jina, lakini mgongo wake ulikuwa umeondoka, kwa sababu rithimu, besi na ngoma ndizo zinazobeba rumba. Bendi mpya ilikuwa na mgongo bila jina. Ikachukua nusu ya jina.

Hesabu hiyo inaeleza mengi. Kama Simba Wanyika ingalikuwa mali ya shirika la umma, kujitenga kungalikuwa kuacha kazi: vyombo, jina na nyimbo vingalibaki kwa mwajiri. Katika bendi isiyo na mwajiri, kila mwanamuziki aliona kwamba jina ni jasho lake pia. Hakuna hakimu aliyeombwa kuamua. Wasikilizaji waliamua kwa miguu yao, na waliamua kwamba Wanyika wote ni Wanyika.

Sina Makosa ni utetezi wa mtu anayeshutumiwa kumwingilia mwenzake katika mapenzi. Anayesema anakana, anashangaa kuona hasira, anamkumbusha mshtaki kwamba kila mmoja wao ana mtu wake nyumbani, basi ugomvi ni wa nini. Hakuna tusi wala kisa kirefu. Katika hatari hiyo yote msemaji anamwita mshtaki wake kwa maneno ya heshima, kama mtu anayejua kwamba sauti ikipanda atakuwa amekubali kosa. Na kwa kuwa vimilikishi vya Kiswahili havibainishi jinsia, mwanamke aliyeuimba wimbo huo jikoni hakulazimika kubadili silabi hata moja. Mtunzi hakubuni jambo hilo, lugha ndiyo iliyompa bure, lakini bila shaka ni sehemu ya sababu iliyoufanya wimbo uimbwe na kila mtu. Swali ambalo wimbo hauliijibu ni kama kweli hana makosa. Wasikilizaji wamelibishania kwa zaidi ya miaka 40, na ukumbini ubishi huo ulikuwa sehemu ya starehe. Wapo wanaoona kwamba mtu asiye na hatia hasemi sana hivyo, na hoja yao si dhaifu.

Mtindo wa Issa Juma katika Super Wanyika ulikuwa mwingine. Sauti yake ilikuwa nzito, na masimulizi yake yalikuwa ya mtaani zaidi. Sigalame, wimbo wake uliopendwa sana miaka ya 1980, unamhusu mtu aliyepotea machoni mwa wenzake na ambaye biashara yake haifahamiki. Jina la mhusika likatoka ukumbini likaingia katika mazungumzo ya Kenya, likawa namna ya kumtaja mtu wa shughuli zisizoulizwa. Ni wachache kati ya wahusika wa riwaya za Kiswahili za muongo huo waliofika mbali kiasi hicho.

Kuwa huru kulikuwa na gharama zake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mwezi Februari mwaka huo Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Watu wa Tanga waliokuwa Nairobi walijikuta upande wa pili wa lango. Mgawanyiko wa 1978, Sina Makosa ya 1979, kuondoka kwa George Kinyonga mwaka 1980 kuunda Orchestra Jobiso, na kuzaliwa kwa Super Wanyika, vyote vilitokea mpaka ukiwa umefungwa. Mawimbi ya redio hayakuombwa pasi, kwa hiyo nyimbo ziliendelea kusikika kwao. Mwaka 1980 Serikali ya Kenya iliagiza kwamba sehemu kubwa ya muziki wa redio iwe ya Kenya, agizo lililodumu kwa muda mfupi tu. Lingalidumu, mtu angalilazimika kuuliza wimbo wa Kiswahili uliotungwa na Mtanzania, ukarekodiwa Nairobi na kuchezwa na Mluhya, ni wa nchi gani. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 kukawa na amri ya kutotoka nje usiku. Mwajiriwa wa serikali hupata mshahara wakati wa amri kama hiyo. Bendi inayokula mapato ya mlangoni hulala njaa. Katika miaka iliyofuata vibali vya kazi vya wanamuziki wa kigeni vilitiliwa mkazo zaidi, na Orchestra Virunga ya Samba Mapangala ni miongoni mwa bendi zilizoumia. Kisha zikaja kanda, na kanda za kuigiza zikauzwa hadharani kwa bei ambayo santuri halali haikuweza kushindana nayo.

Simba Wanyika ilitoa Pepea mwaka 1992, safari hii kwa soko la Ulaya. George Kinyonga alifariki mwaka huohuo, na Wilson mwaka 1995, na kwa kifo chake Simba Wanyika ikafika mwisho. Profesa Omar alifariki mwaka 1998, John Ngereza mwaka 2000. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ilikuwa imepitishwa mwaka 1999, na Kenya ilipitisha sheria yake mpya ya hakimiliki mwaka 2001, ikaanza kutumika mwaka 2003. Wengi wa wale ambao mgawanyo wa mapato yao ungeliweza kuamuliwa kwa sheria hizo hawakuwapo tena kuzisoma.

Nyimbo zenyewe ziliingia katika kundi ambalo Wakenya huliita zilizopendwa, kirejeshi cha kauli ya kutendwa kilichokaa peke yake bila nomino yake, huku kila msikilizaji akijua nomino hiyo ni nyimbo. Katika mabaa ya Nairobi bendi za wanamuziki ambao hawakuwahi kupiga na akina Kinyonga huzipiga usiku kucha, na mwimbaji anapofika kwenye Sina Makosa mara nyingi hunyamaza na kuigeuzia hadhira kipaza sauti. Hadhira haikosei hata upatanisho mmoja.